Picha ya kanvasi imechanika? Soma hii kabla hujakimbilia gundi

Haya wakuu, hii ni kwa wale wenye picha za kuchora ukutani, tingatinga (ile michoro ya rangi kali iliyoanzia Dar), Wamasai wamesimama jua linazama, Mlima Kilimanjaro na tembo wake, milango ya Zanzibar, au za kisasa za akriliki (rangi ya wasanii inayochanganywa na maji) mlizonunua kwa wasanii wa sasa hivi, halafu siku moja mtoto kapiga mpira, au wahamishaji wamepakia kona ya meza juu yake, au umeishusha ukutani kupaka rangi nyumba ukakuta nyuma kumeota kuvu.

Mimi kazi yangu ni fremu, na picha zinazonifikia nyingi zimeshaharibika mara mbili. Mara ya kwanza ni ajali, mara ya pili ni mwenye picha alipojaribu kuitengeneza, na nikwambie ukweli hiyo ya pili ndo inayonitoa jasho. Tundu la bisibisi linazibika vizuri tu. Tundu la bisibisi lililomwagiwa supa gluu, likabandikwa selotepu nyuma, halafu likapakwa rangi iliyobaki ya geti kwa mbele, hapo ni shughuli nyingine kabisa na mara nyingi halirudi.

Kwa hiyo kila ninachosema hapa chini kimesimama kwenye kitu kimoja, fanya kidogo, fanya kwa nyuma, na tumia kitu ambacho kesho mtu mwingine anaweza kukitoa.

Kwanza ujue ni rangi gani

Watu wanaruka hapa, na hapa ndo pana kila kitu, maana kinachosafisha rangi moja kinayeyusha nyingine.

Tingatinga nyingi zimechorwa kwa rangi ya mafuta ile ya kung'aa ya dukani, rangi ya milango na baiskeli. Hiyo ilianza na mwenyewe Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968, alikuwa anatumia rangi ya baiskeli juu ya siling bodi, vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60. Alifariki 1972, alipigwa risasi na polisi kimakosa, yani kazi yake yote ni ya miaka minne hivi. Waliokuja baada yake ndo wakahamia kwenye kitambaa cha pamba, kile kinachoitwa marekani na vinginevyo, kwa sababu mtalii anataka kitu cha kukunja akaweke kwenye begi. Sasa hapo ndo shida ilipoanzia, rangi ya kung'aa ikikauka inakuwa ngumu na kadiri miaka inavyoenda inazidi kukakamaa, na chini yake kuna kitambaa kinachocheza na unyevu kila masika. Kitambaa kinasogea, rangi haitaki kusogea, inapasuka.

Akriliki yenyewe ina hali ya mpira mpira, ukiigusa haiko baridi na ngumu kama rangi ya mafuta, na joto la Dar linailainisha kiasi kwamba vumbi linanata juu yake. Rangi ya mafuta ya wasanii ile ya tyubu huku kwetu ni chache, ila ipo, na inakauka taratibu mno, picha nene inaweza kuchukua miezi sita mpaka mwaka kabla haijawa tayari kupakwa vanishi.

Kujua ni ipi chukua kijiti cha pamba, nenda pembeni kabisa pale panapofichwa na fremu. Anza na maji kidogo. Kama rangi inatoka na maji, acha, funga, usiendelee na chochote humu, hiyo ni rangi ya maji au rangi ya shule na kila utakachofanya kitaacha alama. Kama haitoki jaribu spirit ya famasi, gusa tu, usisugue. Akriliki itaanza kunata na kupaka pamba rangi ndani ya muda mfupi. Rangi ya kung'aa iliyokaa miaka itakuangalia tu. Thina usiilete karibu na picha yoyote, hiyo inanyanyua kila kitu.

Na kama picha yako iko kwenye bodi sio kitambaa, ni ya zamani, na ina jina la Tingatinga mwenyewe, usiguse hata vumbi. Feki ni nyingi sana sokoni, ila zikiwa za kweli zina thamani kubwa, waone watu wa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert wakuelekeze kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

Brashi laini pana (ya kupaka poda inafaa kabisa, ila mpya), pamba na vijiti vyake, maji safi ya chupa, kibano chembamba, karatasi ya kuokea keki, vitabu vizito, vijiti vya meno, kipande cha kitambaa chembamba cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, brashi ndogo za kuchorea, rangi za akriliki, na jeso, ile nyeupe ambayo wasanii wanaipaka kwenye kanvasi kabla ya kuchora, ambayo maduka ya vifaa vya sanaa mjini wanayo. Gundi nitaieleza mbele.

Usivyotakiwa kuwa navyo mezani ni supa gluu, gundi ya viatu, selotepu ya aina yoyote, puti ya ukutani, jiki, na pasi. Supa gluu inakuwa kama kioo, kitambaa kinakatika pembeni yake. Gundi ya viatu inageuka njano na kunata milele. Selotepu baada ya miaka miwili inaanguka inabaki ile gundi yake ya kahawia imeingia kwenye nyuzi mpaka mbele inaonekana doa. Na kuna wanaokopa kile kitambaa chepesi chenye gundi ambacho mafundi cherehani wanabandika ndani ya kola kwa pasi, wazo sio baya, tatizo ni kwamba kinataka pasi ya moto kweli kweli na kwa joto hilo akriliki inalainika mpaka inashika mezani. Huko kwenye makumbusho ya wenzetu wana gundi inaitwa BEVA 371 ambayo inashika kwa joto la kama nyuzi 65 tu na inatoka tena ukitaka, ila kuipata huku ni mpaka uagize.

Picha imebonyea au imelegea

Kubonyea ndo kwepesi kuliko vyote, kitu kimeegemea kanvasi kwa nyuma au mbele kikaacha shimo au kivimbe. Laza picha uso chini juu ya shuka safi lililowekewa karatasi ya kuokea. Lowesha pamba, ikamue mpaka uone haina tena maji ya kudondoka, kisha ipitishe kwa nyuma pale palipobonyea tu, kwa wepesi, kitambaa kipate unyevu sio maji. Weka tishu nyeupe kavu, juu yake kitabu bapa, subiri mpaka kikauke kabisa. Mara nyingi panarudi. Pasiporudi rudia kesho, usiongeze maji leo.

Nasisitiza maji kidogo kwa sababu kuna video zinazunguka mtu anapuliza maji nyuma ya kanvasi nzima na chupa ya kupulizia ili ikaze, na kweli inakaza, pamba ikilowa inajivuta. Ila kwa tingatinga ile inajivuta na rangi juu haijivuti, wiki inayofuata unaokota magamba ya rangi sakafuni. Kwa akriliki mpya inaweza kupita salama, kwa rangi ngumu usithubutu.

Kulegea dawa yake sio maji, ni mbao. Geuza picha uangalie kona za mbao za ndani. Kama kuna vipasuo vya kuingiza kabari, gonga kabari kila kona kidogo kidogo kwa zamu, sio kona moja mpaka mwisho, na weka kadi ngumu kati ya mbao na kanvasi ili nyundo ikiteleza isipige picha. Hapa kwetu fremu nyingi za ndani zimepigiliwa misumari kona zote basi, hazina kabari, kwa hiyo inabidi utoe pini za stepla upande mmoja, uvute, upige tena. Anza katikati ya upande, nenda ukitawanyika kuelekea kona, vuta kwa mkono sio kwa koleo la fundi umeme, na usitafute ilie kama ngoma, ikiwa bapa inatosha. Ukishaitoa angalia mbao zenyewe pia, kama kuna unga unga wa mchwa au vitundu, badilisha mbao zote, usihurumie.

Imechanika

Sasa hapa tutulie. Watu wanafikiri picha ikichanika basi imekufa, haijafa. Mwaka 2006 tajiri mmoja wa makasino Marekani, Steve Wynn, alikuwa anawaonyesha wageni picha yake ya Picasso inaitwa Le Rêve, alishakubaliana kuiuza dola milioni 139, katika kuongea na mikono kiwiko kikaingia kwenye picha ikatoboka. Mauzo yakafa siku zile. Ikatengenezwa, na mwaka 2013 yule yule aliyetaka kuinunua mwanzo, Steven Cohen, akainunua kwa milioni 155. Kwa hiyo tundu lako la mpira wa mtoto lisikulize.

Cha kwanza, usikate chochote. Utaona nyuzi zimening'inia, zimechambuka, zinakera, mkono unawasha uchukue mkasi usafishe. Acha. Kila uzi ulioning'inia una mwenzake upande wa pili na ndo utakaoziba pengo. Vipande vya rangi vilivyodondoka navyo viokote uweke kwenye bahasha, hata vile vidogo.

Laza uso chini kama nilivyosema, karatasi ya kuokea chini yake ili gundi ikipenya isishike shuka. Piga vumbi nyuma kwa brashi laini. Kingo za mpasuko mara nyingi zimejikunja kuelekea upande kitu kilikotokezea, zipe unyevu kidogo kwa brashi, zilaze kwa kibano, weka karatasi na kitabu, acha zikauke zikiwa bapa. Usipofanya hii ukaenda moja kwa moja kwenye kiraka, utabandika mkunjo na utakaa hapo hapo maisha yake yote, mbele utaonekana kama kovu.

Kingo zikishalala angalia kama zinakutana. Kama mpasuko ni wa siku nyingi, kanvasi imeshajivuta huku na huku, pengo linabaki hata ukisukuma. Usilazimishe. Toa pini chache za stepla upande ulio karibu na mpasuko, kanvasi ipumue, kingo zitasogeleana, utakaza tena mwisho wa kazi.

Kisha kaa na kibano chako na taa nzuri na uvumilivu, panga nyuzi, uzi wa juu juu, wa chini chini, kama zilivyokuwa zimefumwa. Wajerumani wameifanya hii kazi ikawa fani kabisa, fundi Winfried Heiber ndo aliyeifanya ijulikane, wanaunganisha uzi mmoja mmoja chini ya hadubini. Wewe hutafika huko na huhitaji kufika, ila kadiri unavyozipanga ndivyo kiraka kinavyokuwa na kazi ndogo.

Gundi sasa. Wenzetu wanatumia gundi za samaki na wanga wa ngano, na kuna watu watakwambia pika uji wa unga wa ngano, ni wa asili, unatoka na maji. Ni kweli unatoka na maji. Ila kwa mtu wa Dar au Tanga au Mombasa huo uji ni chakula cha mende na kuvu, utaamka siku moja kiraka kimeliwa pembe. Mimi kwa picha za kawaida za nyumbani natumia midiamu ya akriliki, ile isiyo na rangi ya wasanii, na ikikosekana gundi nyeupe ya mbao ya maji, kidogo sana. Sio kamilifu maana kuitoa baadaye ni kazi, ndo maana naiweka kwenye ncha za nyuzi na kwenye kiraka tu, siimwagi nyuma ya picha. Kwa picha ya thamani usitumie hata hiyo.

Chovya kijiti cha meno, gusa ncha za nyuzi pale zinapokutana, tone dogo dogo. Weka karatasi ya kuokea na uzito. Subiri.

Mpasuko mfupi ulionyooka, tuseme wa kidole kimoja, hapo unaweza usiweke kiraka kabisa. Chukua nyuzi chache kutoka kwenye kitambaa kile kile cha pamba, zilaze kukatiza mpasuko, moja moja zikiwa zimeachana kidogo, kila moja imeshikwa na gundi upande huu na huu. Zinakuwa madaraja. Nguvu zipo na kwa mbele hakuna kinachoonekana.

Mpasuko mkubwa, au wenye kona kama herufi L, huo unataka kiraka. Kitambaa kiwe chembamba kuliko kanvasi yenyewe, hili watu hawalielewi, wanatafuta kitambaa kigumu ili kishike vizuri, halafu baada ya masika mawili wanaona mraba umejichora mbele ya picha. Kikate kizidi mpasuko kama sentimita mbili kila upande, kona ziwe za mviringo, na pembeni zote chomoa nyuzi mpaka kiote ndevu za nusu sentimita, ili mwisho wa kiraka uishe taratibu badala ya kukatika ghafla. Nyuzi za kiraka zielekee kule kule zinakoelekea nyuzi za picha. Gundi pakaa kwenye kiraka sio kwenye picha, nyembamba, subiri ianze kunata, ndo ukilaze. Karatasi ya kuokea, ubao bapa, vitabu, mpaka kesho yake.

Kushona hapana. Najua kuna wanaoshona, sindano inaongeza matundu na uzi unavuta kitambaa, mbele panajikunja.

Na kama kipande kimetoka kabisa kimepotea, yani ni tundu sio mpasuko, kata kipande cha kanvasi inayofanana unene kiingie kwenye tundu lile lile kama kimezaliwa humo, kisipandie kingo, kishike na nyuzi za madaraja kwa nyuma, kisha kiraka juu yake.

Kujaza na kupaka rangi

Geuza picha sasa, uso juu, na ujaze vitabu au ubao katikati ya mbao za ndani, chini ya pale unapofanyia kazi, ili ukibonyeza kisu kanvasi isizame.

Pale rangi iliponyofoka pana kijishimo, ukipaka rangi moja kwa moja patabaki shimo lenye rangi. Jaza kwa jeso iliyochanganywa na unga laini wa chaki mpaka iwe nzito. Puti ya ukutani ni ngumu mno, kanvasi ikitikisika inadondoka kipande kizima. Tumia kisu kidogo au kadi ya plastiki uliyoikata, jaza ndani ya shimo tu, na kilichopanda juu ya rangi ya msanii kifute hapo hapo kwa pamba yenye unyevu. Inakauka inasinyaa, weka ya pili. Na kabla ya pili kukauka, kandamizia kipande cha kitambaa cha aina ile ile juu yake kisha ukinyanyue, kinaacha alama ya ufumaji. Hii inasaidia kuliko hata rangi, kwa sababu jicho linanasa sehemu laini isiyo na ufumaji kabla halijaona rangi tofauti.

Rangi inaingia kwenye kijazo tu. Sio kwenye kijazo na kidogo pembeni ili ichanganyike. Ukishaanza kupandia rangi ya msanii hutajua pa kuishia, unafukuza tofauti mpaka umepaka nusu ya twiga.

Kwa tingatinga ya rangi ya kung'aa, mimi napaka kwa akriliki, sio kwa rangi ile ile ya kung'aa, na nina sababu. Nikiikosea naifuta kwa spirit kidogo na rangi ya zamani iliyo pembeni inabaki pale pale, cha muhimu mkono uwe mwepesi. Ila akriliki haing'ai vile, kwa hiyo ikishakauka namalizia na midiamu ya kung'aa juu ya sehemu hiyo hiyo. Kwa picha ya akriliki tumia rangi za maji za tyubu, zinafutika na pamba yenye unyevu kama hujaridhika.

Kupata rangi yenyewe, changanya, pakaa kwenye kipande cha plastiki angavu, subiri ikauke, kilaze juu ya picha uangalie kwa mwanga wa mchana. Ikiwa mbichi inakudanganya, akriliki ikikauka inakolea zaidi ya ulivyoiona. Nyeupe ya kopo usiitumie ilivyo, nyeupe ya picha ya miaka kumi imeshakuwa njano kidogo, ongeza chembe ya njano na ya kahawia.

Kwa tingatinga nyingine unapata bahati, doa limeangukia kwenye madoa ya chui au kwenye manyoya ya ndege, unaweka vidoti vyako hakuna mtu atakayeona. Balaa ni likiangukia kwenye anga la nyuma, zile rangi mbili zinazoyeyukiana kutoka juu kwenda chini. Msanii aliichanganya ikiwa mbichi kwa mkupuo mmoja, wewe unakuja na kidoa cha senti moja katikati yake, kila ukipiga inaonekana. Hapo pakaa kwa vidoti vidogo vidogo vya rangi mbili tatu zinazokaribiana badala ya rangi moja, ukirudi nyuma mita mbili vinaungana.

Kuvu, nzi na mijusi

Pwani hii ndo inaua picha nyingi kuliko mipira ya watoto. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda kuvu inaota, na Dar au Zanzibar masika hapo tunapita kirahisi tu. Picha ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, nyuma hakuna hewa, imekwisha.

Ikiota, vaa barakoa, itoe nje kivulini penye upepo, na uiache ikauke kwanza. Kuvu mbichi ukiisugua unaipaka ndani ya kitambaa. Ikishakuwa unga mkavu ifagie na brashi laini kuelekea mbali na wewe, nyuma na mbele, na hiyo brashi usiirudishe kwenye picha nyingine. Jiki hapana, siki hapana. Madoa meusi yaliyoingia ndani ya rangi hayatoki, yakubali.

Ukiirudisha ukutani bandika kipande cha ndala kuukuu kila kona nyuma ya fremu, isimame sentimita moja mbali na ukuta hewa ipite. Bei yake sifuri.

Uchafu wa kawaida, moshi wa jikoni, vidoti vya nzi, zawadi za mjusi, unatoka na mate. Msicheke, hata mafundi wa makumbusho makubwa wanatumia, mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu. Lowesha kijiti cha pamba mdomoni, kiviringishe juu ya uchafu usisugue, tupa, chukua kingine (na usirudishe kile kile mdomoni tafadhali). Malizia na pamba yenye maji kidogo, kisha kavu. Kidoti kigumu kinyanyue na ncha ya kijiti cha meno. Zile habari za kusafisha kwa kitunguu, kiazi au mkate ziacheni, mnaacha chakula juu ya picha na mende wanasoma harufu.

Rangi inabanduka magamba

Hii inatokana na kukunja. Picha iliyokunjwa kwa kubanwa kwenye kibomba chembamba, rangi ikiwa upande wa ndani, ikaenda na ndege, ikafunguliwa Ulaya Januari. Baridi inafanya akriliki ikakamae na rangi ya kung'aa ndo kabisa, mtu anafika Stockholm anafungua hapo hapo sebuleni, inalia krr. Kama unawapelekea ndugu huko, kunja rangi ikiwa nje, weka karatasi ya kuokea juu yake, na tumia bomba nene, lenye kipenyo cha sentimita 10 ni dogo bado, likipatikana nene zaidi chukua. Waambie wakiipokea waiache ndani ya nyumba yenye joto siku nzima kabla ya kuifungua.

Ikiwa imeshaanza magamba, ilaze bapa uso juu na usiifute vumbi wala kuipuliza. Gamba lililonyanyuka linaweza kushikwa kwa midiamu iliyoongezwa maji, unaigusisha kwa brashi ndogo pembeni ya ufa, inajivuta yenyewe kuingia chini, unaweka karatasi ya kuokea na kulilaza kwa kidole taratibu. Magamba matano sita sawa. Yakiwa picha nzima, hiyo sio kazi ya mezani kwako.

Kumpelekea nani

Kama msanii yupo hai na unampata, mpigie kwanza. Hii ni faida yetu ambayo mwenye picha ya miaka 300 hana. Wale wa Oysterbay pale karibu na Morogoro Stores, ushirika wa tingatinga upo tangu 1990, ukiwapelekea picha kuna mtu ataangalia mkono akakwambia hii ya fulani. Ila mwambie azibe palipoharibika tu, maana msanii akishika kazi yake ya zamani anatamani kuichora upya yote, na wengine watakwambia kwa hela hiyo hiyo nakupa mpya. Kama unapenda ile ile yako, sema mapema.

Na ukimaliza kazi chukua karatasi, andika kwa penseli ni gundi gani umetumia, rangi gani, mwaka gani, weka na bahasha yenye vile vipande vilivyobaki, piga stepla kwenye mbao za nyuma, sio kwenye kitambaa.